Kumsomesha kijana wa kwenu chuo kikuu mpaka ahitimu: mwongozo kwa vikundi vidogo

Msichana wa kwanza tuliyemlipia ada aliacha chuo muhula wa pili. Ada ilikuwa imelipwa yote, risiti tunazo mpaka leo. Tulikuwa watu kumi na mmoja tuliosoma shule moja ya kata, tukaamua kuchanga kila mwezi, na tuliamini kabisa kwamba ada ikishaingia benki kazi yetu imekwisha. Kumbe mwenzetu alikuwa anakula mlo mmoja kwa siku, ana sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, na anaona haya kuwaomba tena watu waliokwisha mlipia. Akapanda basi la alfajiri akarudi kwao. Sisi tulipata habari wiki tatu baadaye, kutoka kwa mama yake mdogo.

Haya ninayoandika ndiyo tunayofanya sasa. Ni kwa kikundi chochote kidogo Tanzania: watu wa ukoo, waliosoma pamoja, jumuiya ya kanisa, kamati ya msikiti, walimu wa shule moja. Hamhitaji kuwa matajiri. Mnahitaji mchango usiokatika, na mtu mmoja anayejua kuuliza maswali.

Mtu huyo si nyongeza tu kwenye ufadhili. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mwaka 2007 mpango uitwao ASAP kwa wanafunzi wa kipato cha chini kwenye vyuo vyake vya miaka miwili. Mwanafunzi alizibiwa pengo la ada, akapewa vitabu na kadi ya usafiri, na pamoja na hayo akapewa mshauri wa kuonana naye mara kwa mara. Mshauri mmoja alikuwa na wanafunzi kati ya 60 na 80, wakati washauri wa kawaida wa vyuo hivyo walikuwa na mamia. Watafiti waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango na wengine nje. Baada ya miaka mitatu, walio ndani walihitimu asilimia 40, walio nje asilimia 22. New York si Dodoma, lakini nilipoyasoma hayo nilimkumbuka msichana wetu. Kadi ya basi na mtu wa kumuuliza hali vingemtosha.

Hatua ya kwanza: karatasi, tangu Januari ya kidato cha sita

Vikundi vingi huanza kuhangaika matokeo yakitoka Julai. Mmechelewa. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na wengi wakimaliza huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mafunzo ya mujibu wa sheria. Kijana yuko kambini, simu hana, na huku dirisha la maombi ya mkopo limefunguliwa; miaka ya karibuni limekuwa likifunguliwa Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti. Anayekuwa na karatasi zake tayari kabla ya kwenda kambini anaomba kwa utulivu. Asiye nazo anaanza kutafuta cheti cha kifo cha baba yake akiwa na siku tano mkononi.

Kaeni naye mezani likizo ya Desemba au Januari, na mzazi wake au anayemlea nyumbani awepo. Tafuteni cheti cha kuzaliwa, na kihakikiwe kwa njia ya mtandao na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo (kwa waliozaliwa Zanzibar, wakala wa usajili wa huko). Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Hapa ndipo familia za vijijini hukwama zaidi, kwa sababu baba alizikwa shambani miaka kumi iliyopita na hakuna aliyekwenda kusajili kifo. Usajili wa kuchelewa unawezekana, ila una safari za kwenda na kurudi wilayani na ushahidi wa kutafuta, kwa hiyo uanze mapema. Kama kaya iko kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, chukueni namba ya kaya. Kama kijana ana ulemavu, fomu isainiwe na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Kama alisomeshwa sekondari na mfadhili, pateni barua ya mfadhili huyo. Hizi ndizo karatasi zinazoonyesha uhitaji wake. Umaskini usio na karatasi, mfumo hauuoni, hata kama kijiji kizima kinaujua.

Kisha yatazameni majina, herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi, namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, imefuata kimojawapo. Lirekebisheni sasa kwa hati ya kiapo kwa wakili. Na kama kijana alirudia mtihani wa kidato cha nne akawa na namba mbili za mtihani, namba atakayoombea chuo iwe hiyohiyo atakayoombea mkopo. Zikitofautiana, Bodi ya Mikopo na chuo watamwona kama watu wawili.

Hatua ya pili: mkopo wa Bodi kwanza, mchango wenu baadaye

Nimeona vikundi vyenye moyo mzuri vikimwambia kijana asiombe mkopo "kwa sababu sisi tupo". Naomba msifanye hivyo. Mwanachama mmoja akifukuzwa kazi au akiuguliwa, mnayumba, na kijana yuko mwaka wa pili. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ndio msingi, mchango wenu ni paa. Isitoshe, Bodi haimkopeshi mwenye ufadhili kamili kutoka kwingine, hivyo mkijitangaza kuwa mnalipa kila kitu mnaweza kumkosesha haki yake.

Maombi yanafanyika kwenye OLAMS, mfumo wa Bodi wa mtandaoni, na ada yake ni Sh30,000. Ilipeni ninyi. Kwa familia nyingine hiyo ni pesa ya chakula cha wiki mbili, na kuna watoto wanaoshindwa hapohapo. Fomu ikishajazwa huchapwa, husainiwa na mwenyekiti wa kijiji au mtaa, mdhamini na wakili au hakimu, kisha kurasa zilizosainiwa zinapigwa skani na kurudishwa kwenye mfumo. Mmoja wenu aikague kabla ya kutuma. Saini ikikosekana au picha ya cheti ikiwa haisomeki, maombi hukwama, na kijana aliyeko kambini hataona ujumbe wa kumtaka arekebishe. Kwa hiyo nywila na namba ya simu aliyojisajili nayo ziwe kwa mtu wa kuaminika nyumbani.

Majina hutoka kwa awamu. Asipojiona awamu ya kwanza, asikate tamaa. Akipata kidogo au akikosa kabisa, litafunguliwa dirisha la rufaa, na hapo ile karatasi iliyokosekana mwanzoni inaweza kumwokoa. Matokeo yake yakiwa mazuri sana na mchepuo wake ni wa sayansi, mwulizeni mkuu wa shule kuhusu Samia Scholarship, ufadhili wa masomo ambao serikali iliuanzisha mwaka wa masomo 2022/23. Na kama anaelekea stashahada, Bodi imeanza kukopesha baadhi ya fani za ngazi hiyo tangu 2023/24.

Hatua ya tatu: pigeni hesabu ya pengo

Mkopo ukishajulikana, andikeni kwenye karatasi moja kile ambacho haukugusa. Nitatoa mfano. Kijana amepata programu yenye ada ya Sh1,300,000 kwa mwaka na Bodi imempa asilimia 70 ya ada. Pengo ni Sh390,000. Ongezeni bima ya afya ya wanafunzi ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), Sh50,400, na ada ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), Sh20,000. Hapo mna Sh460,400. Wengi huishia hapa, na sisi tuliishia hapa.

Endeleeni. Nauli ya kufika, Sh55,000. Godoro, shuka, ndoo, sufuria na taa ya kusomea, Sh120,000. Chakula cha wiki nne za mwanzo kwa Sh6,000 kwa siku, Sh168,000. Jumla imekuwa Sh803,400. Hizo wiki nne hazikwepeki, maana pesa ya kujikimu, boom kama wanachuo wanavyoiita, haitoki mpaka mwanafunzi awe amesajiliwa, akaunti yake ya benki imekubaliwa na amesaini. Kila mwaka wapo wanaofika na nauli tu wakitegemea boom iwasubiri getini.

Watu kumi na mmoja wakichanga Sh20,000 kila mwezi, kwa mwaka wana Sh2,640,000. Hiyo inabeba vijana wawili wa mfano huu na kubakiza zaidi ya milioni moja kwa dharura, field (mafunzo kwa vitendo) na utafiti. Msichukue wa tatu. Najua anayelia mlangoni ana haki sawa na hawa wawili, na kumwambia asubiri kunauma. Lakini wawili wanaofika mwisho ni bora kuliko watatu wanaoachwa njiani.

Ada lipeni wenyewe moja kwa moja chuoni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ambayo mwanafunzi ataitoa kwenye akaunti yake ya chuo. Hii haimaanishi kwamba hamumwamini. Ni kumwondolea mzigo wa kushika laki nne mfukoni wakati mdogo wake nyumbani anahitaji dawa.

Hatua ya nne: mlezi

Mlezi ndiye yule mtu mmoja wa kuuliza maswali. Si mfadhili mkubwa kuliko wengine, wala si lazima awe mwenye cheo. Sifa zake ni tatu: alipita chuo, anapokea simu, na hatamsimanga kijana kwa pesa iliyotolewa. Awe na vijana wawili, asizidishe. Tukiweza tunachagua aliyemaliza miaka ya karibuni, kwa sababu mimi niliyemaliza zamani sijui tena mfumo wa usajili ulivyo, na anayejua atamwelekeza kwa dakika tano jambo ambalo mimi ningelikisia siku mbili. Shirika la CAMFED, lililoanza Zimbabwe mwaka 1993 na ambalo liko hata kwetu Tanzania, limelijenga wazo hili vizuri: wasichana waliosaidiwa wakamaliza shule hurudi kuwashika mkono walio nyuma yao.

Msichana apewe mlezi mwanamke. Ikishindikana, walezi wawe wawili na mmoja awe mwanamke. Hakuna kuonana chumbani, na mama au bibi yake nyumbani awe na namba ya mlezi. Haya yaandikwe tangu mwanzo, kila mwanachama ayasome.

Kazi kubwa ya mlezi ni simu. Mara moja kila wiki kwa wiki sita za mwanzo, halafu kila baada ya wiki mbili. Na usiulize "masomo yanaendeleaje?" Mtoto wa Kiswahili aliyelelewa vizuri atakujibu "namshukuru Mungu, dada" hata kama ana siku mbili hajala. Uliza vitu vyenye jibu moja.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Umesajili kozi ngapi?"

"Sita."

"Kundi lako la diskasheni mko wangapi, na mmekutana lini mara ya mwisho?"

Kimya.

Hicho kimya ndicho ulichopigia simu. Kijana asiye na kundi la diskasheni wiki ya nne yuko peke yake kuliko anavyokubali. Wenzake wa shule nzuri walikuja chuoni wanajuana. Yeye ndiye pekee kutoka kata yake, Kiingereza cha mhadhiri kinamkimbia, na amejifunza kukaa nyuma ili asiulizwe. Mwombe atafute watu wawili tu wa kozi moja, akae nao kesho jioni, halafu akutumie ujumbe. Ukimpa kazi ndogo yenye siku, ataifanya.

Andika kila simu kwenye daftari: tarehe, alichosema, ulichoahidi. Ukiahidi kitu na usikifanye, simu ya pili hutaambiwa ukweli.

Hatua ya tano: wiki sita za mwanzo

Kama inawezekana, mmoja wenu ampokee stendi. Hata mwenyeji wa mji huo mnayemfahamu, amsindikize mpaka chuoni na kumwonyesha ofisi ya mshauri wa wanafunzi, zahanati, maktaba na mahali chakula kinapouzwa kwa bei ya kawaida. Asiyejua ofisi ya mshauri wa wanafunzi iko wapi akiwa mzima hataitafuta akiwa na shida.

Malazi yamalizeni mapema. Vyumba vya chuo havitoshi, na kuna wanaoishia kubebana, watu wawili kitanda kimoja, bila ruhusa. Akikosa hosteli, tafuteni chumba cha kushirikiana na mwenzake karibu na chuo. Chumba cha bei nafuu kilicho mbali kinakula tofauti yote kwa nauli, na msichana anayetoka maktaba usiku anahitaji njia fupi yenye watu.

Kuna jambo moja la aibu ambalo lazima mlitaje ninyi kwanza, maana yeye hatalitaja. Boom likitoka, nyumbani wanajua. Simu zinaanza: paa limevuja, mdogo wake hana viatu, bibi anaumwa. Kijana mwema atatuma. Sisi tunakaa na mzazi kabla chuo hakijafunguliwa, tunaongea naye kwa heshima, tunamwomba kwamba shida ya nyumbani iletwe kwetu na siyo kwa mtoto. Hatuahidi kuitatua. Tunaahidi kuisikiliza. Mama mmoja alitujibu, "Mnanipunguzia aibu ya kumwomba mwanangu," na tangu siku hiyo sijaiona hatua hii kuwa ndogo.

Hatua ya sita: kosiweki, sapu, kudisko

Vyuo vingi hugawa alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Hizo za kazi za muhula, kosiweki, ndizo kengele yenu. Zikitoka, mlezi aziulize kozi kwa kozi. Mwenye 17 kati ya 40 hajafeli bado, ana wiki kadhaa za kumwona mhadhiri, kupata madesa (notisi za wenzake) sahihi na kukaa na waliofaulu. Mkisubiri matokeo ya mwisho, hakuna la kufanya tena.

Akipata sapu, mwambieni palepale kwamba wengi wamepata sapu na wakahitimu. Msimwite kikaoni kujieleza. Fanyeni mambo mawili: hakikisheni ana nauli na chakula cha kipindi cha kufanya mtihani huo, maana sapu hufanyika wakati wenzake wako likizo, na mkumbusheni asome kanuni za chuo chake kuhusu idadi ya kozi na wastani wa chini. Kanuni hutofautiana chuo na chuo, na kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, ni jambo la kanuni, halina huruma. Matokeo pia yanakwenda Bodi, na anayerudia mwaka anaweza kusimamishiwa mkopo.

Akiugua sana, akifiwa au akipata ujauzito, asipotee kimyakimya. Kuna utaratibu wa kuahirisha masomo kwa barua kabla ya mitihani. Aliyeahirisha ana nafasi ya kurudi. Aliyetoroka amefeli kozi zote. Msichana wetu wa kwanza angeandika barua ya ukurasa mmoja, angekuwa amehitimu.

Hatua ya saba: mfuko wa dharura

Tengeni laki tatu kwa kila kijana, isiyoguswa kwa jambo lingine. Watu wawili wakikubaliana kwa simu, pesa itoke ndani ya siku mbili, kikao kitajulishwa baadaye. Kijana akikosa mlango huu atapata mwingine. Atakopa kwenye programu za simu au kwa watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, au atabeti akitumaini kurudisha alichokula, na deni la Sh50,000 litamfanya azime simu yake hata kwa mlezi.

Hatua ya nane: akiombwa rushwa ya ngono

Mlezi alitaje jambo hili mapema, muhula wa kwanza, kwa sauti ya kawaida. Mwambie kwamba mhadhiri au msimamizi yeyote akimtaka kimapenzi ili ampe alama, hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na kwamba akikuambia hutamuuliza alivaa nini. Ahifadhi ujumbe, aandike tarehe, asiende peke yake ofisini kwa mtu huyo. Kuna dawati la jinsia vyuoni, na TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, hupokea simu bila malipo kwa namba 113. Mlezi aende naye. Binti wa mkulima akienda peke yake dhidi ya mtu mwenye cheo, anajua mwenyewe uzito wa neno lake. Akisindikizwa na watu wazima wawili, mazungumzo hubadilika.

Hatua ya tisa: mwaka wa mwisho

Huu unaonekana rahisi, na ndipo tunapolegeza mkono. Field inaweza kumpeleka mkoa ambako hamjui mtu, utafiti unataka uchapaji na kujalidi, na hapo kompyuta mpakato ya mtumba inakuwa lazima. Pangeni fedha hizi tangu mwaka wa pili. Kabla ya mahafali akamilishe kutoa hesabu ya vitu vya chuo na madeni madogo ya maktaba, maana vyeti huzuiliwa kwa sababu hizo, na akague jina lake kwenye mfumo kabla halijachapwa. Mwelezeni pia kuhusu deni la Bodi: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa mpaka deni liishe, na ni vyema alijue kabla hajaona hati yake ya kwanza ya mshahara.

Akishahitimu, mpeni daftari la mlezi wake alisome. Sisi tulifanya hivyo kwa kijana wetu aliyemaliza ualimu. Alikaa nalo jioni nzima, akalirudisha lina alama za kalamu nyekundu. Kwenye wiki ya tatu, mahali mlezi alipoandika "anakula vizuri, hana shida", yeye ameandika pembeni: "Hapa nilidanganya. Ulinipigia usiku, nikasema nimeshakula." Sasa tunapiga saa saba mchana.